Muuzaji anasema ni mashimo ya barabarani, mimi nasema rimu zilitoka kiwandani na kasoro

Mjomba, shikamoo.

Kwetu nyumbani msomaji wako ni mume wangu, lakini leo shida ya gari ni yangu mimi. Natengeneza keki na vitafunio, nasambaza kwenye hoteli kutoka Mtwapa hadi Watamu. Mwaka jana nilichukua mkopo wa benki nikanunua gari jipya kabisa, zero kilomita, kwa muuzaji mmoja hapa Mombasa. Dhamana ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Sasa gari lina miezi 14 na kilomita 31,000, na sijawahi kulipeleka kufanyiwa huduma kwingine ila kwao, kwa bei zao.

Mambo yalianza na ile taa ya tairi kwenye dashibodi. Najaza upepo kituo cha mafuta, taa inazima, siku chache baadaye inawaka tena. Lilikuwa gurudumu la nyuma kulia. Nikalipeleka kwa fundi wa pancha hapa Mtwapa. Akalifungua, akalizamisha kwenye karai la maji, kisha akaniita nijionee: tairi halina tundu hata moja, vipovu vinatoka kwenye rimu yenyewe, upande wa ndani, karibu na pale mkono wa rimu unapoungana na duara. Baadaye la nyuma kushoto nalo likaanza mchezo huo huo. Halafu usukani ukaanza kutetemeka nikifika kilomita 80 kwa saa, na fundi akaniambia la mbele kushoto limepinda ukingo.

Nikaenda kwa muuzaji. Gari lilishinda huko kutwa. Jioni kijana wa kaunta akaniambia, kwa mdomo tu, "Mama, haya ni mashimo. Dhamana hailipi kugonga." Nikamwomba anionyeshe palipogongwa, akanionyesha lile la mbele. Na ya nyuma je? "Si yote yamepita barabara ile ile?" Nikapanda kwa meneja. Huyo alikuwa mstaarabu, ila akaongeza lake: kwa kuwa nilimruhusu fundi wa kando ya barabara kufungua tairi, dhamana ya magurudumu imekufa. Mwisho akasema atanifanyia ukarimu. Rimu moja ni shilingi 68,000, wao watalipa nusu kwa zote tatu, mimi nitalipa 102,000, kisha nitie sahihi karatasi inayosema sina dai lingine lolote kuhusu magurudumu ya gari hilo. Nikitoka, yule kijana wa kaunta akaninong'oneza nidai bima, niseme niliingia shimoni, watalipa haraka.

Mume wangu anasema nichukue hiyo nusu yaishe. Kaka yangu anataka twende mahakamani kesho asubuhi. Fundi wa Mtwapa anasema atazichomelea kwa agoni, elfu tatu kila moja. Mimi nataka haki yangu, lakini pia nataka gari, maana hoteli hazingoji.

Na swali dogo: naweza kufunga rimu za chuma wakati huu nikisubiri?

Mpwa wako, Mtwapa

*

Marahaba, mpwa wangu.

Jina la muuzaji nimeliondoa kwenye barua yako, kwa sababu upande wake sijausikia. Umeuliza uchukue nusu au uende mahakamani. Kabla hatujafika huko, kuna mambo matatu ambayo hutakiwi kuyafanya, na yote matatu umeshashauriwa uyafanye.

Baya kuliko yote ni hilo la bima. Huenda kijana alikuonea huruma, lakini tazama anachokutuma. Fomu ya madai inataka uandike ajali ilitokea wapi, lini na vipi, kisha uweke sahihi. Ukiandika kwamba uliingia shimoni, umemwandikia muuzaji utetezi wake kwa mkono wako mwenyewe. Siku utakaposimama kusema rimu zilikuja na kasoro, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza atakayoitoa. Na ikiwa shimo lenyewe hulijui, hayo ni madai ya uongo, ambayo kampuni ya bima inaweza kuyakataa na kukufikisha polisi juu yake. Hata yangekuwa ya kweli, bima kubwa nyingi hukuachia sehemu ya gharama uibebe mwenyewe, na punguzo la kutodai linapotea mwaka unaofuata. Anayepona hapo ni muuzaji peke yake.

Kuchomelea nako kukatae. Rimu nyingi za aloi hupewa uimara wake kwa kupitishwa kwenye joto lililopimwa kiwandani. Moto wa fundi huuharibu uimara huo pembeni mwa weldi, palepale penye mkono unaobeba uzito wa gari. Ungekuwa unazungumzia tundu la sufuria ningenyamaza. Hapa kuna abiria, na pia kuna ushahidi: ikishachomelewa, hakuna mkaguzi atakayeweza kusema ilivuja kwa nini.

La tatu ni sahihi anayoitaka meneja kwenye karatasi yake. Hiyo nitairudia.

Rimu zenyewe ndizo zitakazosema. Rimu ya aloi ni alumini iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Alumini ya moto hufyonza gesi ya haidrojeni, na inapoganda gesi hiyo hutafuta pa kutokea. Ikikwama, chuma hubaki na vitundu ndani kama vya vibibi, ila hivi huvioni kwa jicho. Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana hupima rimu kama zinavuja kabla hazijatoka kiwandani, wengi kwa gesi ya heliamu. Inayoponyoka hapo inaweza kutembea miezi mingi bila kuonyesha kitu, kwa kuwa rangi imeziba njia. Rangi ikichakaa, upepo unaanza kutoka polepole, na taa yako inawaka.

Rimu iliyopigwa na shimo haifichi. Ukingo hupinda au hupasuka, mara nyingi ule wa ndani, ambao hauna mikono ya kuushikilia. Tairi nalo hubanwa kati ya lami na chuma, na mara nyingi ukilitazama ubavuni utaona nundu, maana nyuzi za ndani zimekatika. Tena sisi tunaendesha kushoto na lami yetu huanza kumong'onyoka ukingoni, kwa hiyo magurudumu ya kushoto ndiyo hupata kipigo zaidi. Rimu ya kwanza kuvuja kwako ni ya kulia.

Sasa nitakuambia usilolipenda. Lile la mbele kushoto, lenye ukingo uliopinda na mtetemo wa usukani, ni lako. Barabara ya Kilifi na ile michepuko ya ujenzi tunaijua sote. Liondoe kwenye madai. Ukidai matatu, muuzaji atamwonyesha kila mtu hilo moja lililopinda na kuyafunika mengine kwa kivuli chake, kama kijana wa kaunta alivyokwisha kujaribu. Ukidai mawili ya nyuma tu, atalazimika kueleza jinsi shimo linavyotoboa rimu katikati bila kupinda ukingo, bila kuacha mkwaruzo, bila kugusa tairi. Hicho ndicho kiini cha kesi yako: anayesema uligonga aonyeshe ulipogonga. "Barabara ile ile" si ushahidi wa chochote.

Kuna hoja moja ambayo bado hajaitoa, lakini jitayarishe nayo: chumvi. Sisi wa pwani alumini yetu huota unga mweupe pale tairi linapokalia rimu, na upepo hupenya hapo. Vijitabu vingi vya dhamana huweka mipaka kwa kutu. Fundi wako aliona vipovu kwenye chuma, karibu na mkono wa rimu, si kwenye mdomo wa tairi. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuokoa, ila kwa sasa iko kichwani mwa fundi wa pancha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi tuifanyie daftari.

Tafuta mkaguzi asiyekula kwa muuzaji. AA Kenya hukagua magari, na wako pia maasesa wa magari wanaoandikia kampuni za bima ripoti, ambao mahakama imezoea kuwasikiliza. Mweleze unachotaka: rimu mbili za nyuma zijazwe upepo wa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, zipakwe maji ya sabuni ndani na nje pamoja na valvu, na kila panapotoa povu pazungushiwe chaki. Wewe piga video mfululizo, usikate. Halafu zifungwe kwenye mashine ya balansi na zipimwe kwa geji kama zimepinda. Zikionekana zimenyooka, ndani ya kipimo cha mtengenezaji, hoja ya shimo imebaki bila miguu. Mwisho, picha za tairi nje na ndani, na picha za herufi zilizopigwa muhuri nyuma ya rimu. Mara nyingi humo mna tarehe ya kumiminwa. Rimu mbili zenye ugonjwa mmoja na tarehe zinazokaribiana ni jambo ambalo mtengenezaji mwenyewe hatalipuuza.

Kabla ya siku hiyo, mwandikie muuzaji umwalike atume fundi wake. Asipokuja, hataweza kulalamika baadaye kwamba ulipima kwa siri. Katika barua hiyo hiyo mwombe sababu ya kukataa kwa maandishi: kifungu gani cha dhamana, nani alikagua, alipima nini, picha ziko wapi. Mwombe pia nakala ya kadi ya kazi, ile karatasi ya karakana inayoandika shida uliyoileta, ya siku ile gari liliposhinda kwao. Hii ya mwisho ni muhimu, kwa kuwa inathibitisha kwamba ulilalamika dhamana ikiwa hai, hata mabishano yakivuka muda wake.

Nikueleze kidogo kwa nini wanakuwa wagumu, itakusaidia usikasirike ovyo. Muuzaji akibadilisha kitu kwa dhamana, huwa anatarajia kurudishiwa gharama na mtengenezaji. Anatuma picha, vipimo na maelezo ya kasoro, na mtengenezaji akikataa, hasara inabaki kwake. Kwa hiyo kijana wa kaunta akiona rimu moja imepinda, rahisi kwake ni kukataa zote kuliko kuandika faili linaloweza kurudishwa. Ukimpelekea faili lililokamilika, umemfanyia kazi yake. Nimeona watu wakilipwa kwa sababu hiyo tu, bila wakili wala kelele.

Hiyo ya fundi wa kando ya barabara kuua dhamana, mwambie meneja akuonyeshe ilipoandikwa. Kijitabu kwa kawaida hukataa uharibifu uliosababishwa na kazi ya nje. Kufungua tairi kunaweza kukwaruza mdomo wa rimu, au kuvunja kihisi cha upepo, na hilo lingekuwa juu yako. Hakuwezi kutoboa alumini karibu na mkono wa rimu. Zaidi ya hayo, taa iliwaka kabla fundi hajaigusa.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amedhamini ubora wa alichouza, hata kijitabu chake kikinyamaza, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kifae kwa kazi ambayo muuzaji anajua kimenunuliwa. Aliyekuuzia gari Mombasa anazijua barabara za Mombasa. Dhamana ya kijitabu ni ahadi ya ziada juu ya hizo, haizifuti. Ndiyo maana usikubali kuambiwa "nenda ukazungumze na kiwanda": mkataba wako ni na yule ambaye jina lake liko kwenye ankara. Angalia pia ankara hiyo imemtaja nani kuwa mnunuzi. Kama ni benki, wahusishe mapema, maana gari ndilo rehani ya mkopo wao na hawapendi kusikia limesimama juu ya mawe.

Sasa ile nusu. Mume wako ana hoja, tusimdharau. Shilingi 102,000 na utulivu wa moyo si kitu kibaya. Lakini piga hesabu. Ukilipiwa mbili za nyuma zote na ukanunua ya mbele mwenyewe, unatoa 68,000. Tofauti ni 34,000, na gharama ya mkaguzi inaweza kumega sehemu yake. Kama ingekuwa hizo fedha tu, ningekuambia chukua, kauze keki. Kinachonizuia ni maneno "dai lingine lolote kuhusu magurudumu". Gari lina magurudumu manne. Lile la mbele kulia halijavuja, na huenda lilimiminwa pamoja na yale ya nyuma. Bado una miezi 22 ya dhamana kama kilomita hazijakuwahi, na sahihi hiyo inaifuta kwa gurudumu zima ambalo halijaharibika. Kwa 34,000 hiyo ni bei mbaya.

Mpe meneja pendekezo lako wewe: wao wabadilishe mbili za nyuma bila malipo, wewe unalipa ya mbele kushoto, na karatasi, kama lazima iwepo, itaje rimu hizo mbili tu kwa namba zake. Linampa heshima yake, kwani amekubaliwa kuhusu shimo. Nadhani atalichukua. Akitaka siku chache awasiliane na makao makuu, mpe wiki mbili kwa maandishi.

Asipojibu, kaka yako atapata nafasi yake. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Mombasa ipo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na kanuni za ushahidi si kali kama kwenye mahakama nyingine. Peleka ankara, kijitabu cha dhamana, rekodi za huduma, barua, ripoti, video, na rimu zenyewe. Ndiyo, rimu zenyewe, zifunge kwenye gunia uende nazo. Wakati huo huo unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo ina idara ya wateja. Wauzaji wakubwa huwa hawapendi kupokea barua kutoka huko.

Jambo jingine la dakika tano: chukua namba ya chesi uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari lako lina wito wa kurejeshwa. Gari jipya kuwa na magurudumu mabaya si hadithi ya kutunga. Juni 2022 Toyota iliita magari yapatayo 2,700 ya umeme aina ya bZ4X duniani kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea hata gurudumu likachomoka, na ikawaambia wenye magari wasiyaendeshe. Ukikuta lako limeitwa, mabishano yote haya yamekwisha.

Kuhusu rimu za chuma: ndiyo, zifunge, na kwa mzigo wako wa Watamu ningependa uzifunge wiki hii badala ya kujaza upepo kila asubuhi na kuomba dua. Zichague zenye kipimo kilekile, idadi na nafasi ileile ya boliti, na uingiaji uleule, yaani jinsi rimu inavyoingia ndani kuelekea breki, zisije zikaisugua. Weka risiti, maana ukishinda unaweza kuzidai. Rimu zilizotolewa usimwachie mtu, hata akisema atazihifadhi stoo. Na uwe makini na nati: za aloi kwenye baadhi ya magari zina kikalio bapa chenye washa, za chuma zina kikalio cha pembe, na nati isiyo yake hulegea njiani. Fundi akishakaza, endesha kilomita 50 hivi, rudi azikaze tena kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, kisha uiandikie bima barua fupi kwamba umebadilisha rimu kwa muda.